Foleni Inaanzia Nyuma: Maisha ya Enid Leggate wa Cawsby

Ndugu, majirani na marafiki mliojaa humu kanisani, mimi ni Hilary Odling, binti wa Desmond, mdogo wake marehemu. Shangazi Enid alinipa kazi hii mwenyewe akiwa kitandani, na masharti akanipa: nisimsifu kupita kiasi, nisianze kulia kabla ya habari za ndoa, na nisimwache Bwana Tranter wa baraza la wilaya atoke hapa akidhani mambo yamekwisha. Naambiwa Bwana Tranter yumo humu, amekuja kumsindikiza pamoja nasi. Karibu sana, Bwana Tranter. Hayo masharti mawili ya kwanza nitajaribu, ila hilo la tatu nitalitimiza.

Enid alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Machi 1931, katika nyumba ya matofali nyuma ya banda la mashua ya uokoaji hapa Cawsby, mtoto wa kwanza wa Walter Odling na mkewe Ivy. Walter, babu yangu, alikuwa mchoraji wa mabango. Majina yote ya maduka ya barabara ya pwani yalitoka kwenye brashi yake, na wenye kumbukumbu watasema hapakuwa na herufi iliyopinda. Nyanya Ivy alikuwa akisema mtoto yule alitoka amekunja ngumi, mkunga akajaribu kuzikunjua akashindwa. Sisi tuliomjua ukubwani hatukushangaa.

Majira ya joto ya mwaka 1940, Enid akiwa na miaka tisa, Ufaransa ilikuwa imekwisha anguka na kila mtu wa pwani hii alikuwa akiangalia bahari akitegemea kuona meli za Wajerumani. Jeshi likaja na saruji na nondo, likajenga ngome ndogo ya zege pale juu ya njia ya kushukia ufukweni, yenye pembe sita na kuta nene ambazo hadi leo hazipitishi msumari. Ikaachiwa matundu mawili marefu ya kupitishia bunduki, moja la upande wa bahari na moja la upande wa njia. Ndani akawekwa koplo na bunduki ya rashasha. Shida ni kwamba hata kipofu angejua ile ni ngome. Ndipo Sajini Pask, aliyekuwa msimamizi, akamwita babu.

"Mzee Odling," akamwambia, "nifanyie hili dude lifanane na kitu ambacho hakuna mtu anayekiogopa."

Babu akaichora ngome ikawa mgahawa wa chai. Alichora madirisha yenye mapazia ya maua, mlango wa kijani, na paka wa rangi ya chungwa aliyelala dirishani. Juu yake akaandika kwa herufi nyekundu: CHAI. Enid ndiye aliyeshika kopo la rangi, na yule paka lilikuwa wazo lake.

Kosa la babu lilikuwa moja tu, alichora vizuri mno. Asubuhi ya pili Bi Sargisson wa duka la nyuzi alipita pale na kikapu chake, akaona CHAI, akasimama mbele ya dirisha la rangi akingoja lifunguliwe. Akapita mtu mwingine, akamwona Bi Sargisson amesimama, naye akasimama nyuma yake. Sisi ndivyo tulivyo. Tukiona mgongo wa mtu aliyetulia tunasimama nyuma yake kwanza, kinachotolewa tunakiuliza baadaye, na wengine hatuulizi kabisa. Sajini Pask alipofika, foleni ilikuwa imezunguka kona ya banda la mashua, na yule koplo yumo ndani kashika bunduki yake, jasho linamtoka.

"Nani kawaambia hapa kuna chai?" sajini akafoka.

"Si pameandikwa?" akajibu Bi Sargisson. "Na usinisukume, kijana. Mimi ndiye niliyetangulia."

Sajini akamvuta babu pembeni kwa mkono wa koti. "Odling, umeniua! Nikiwafukuza, kesho pwani nzima itajua kuna nini humu. Nikiwaacha, watasimama hapa mpaka vita viishe. Haya, nishauri sasa."

"Si uwape chai," akasema Enid.

Wakubwa walimtazama, halafu wakatazamana. Nyanya Ivy aliitwa kutoka kwenye ufuaji wake, akaja mbio na birika na vikombe vya nyumbani. Chai ilikuwa ya mgao, kwa hiyo ile aliyomimina siku hiyo ilikuwa maji ya moto yaliyoonyeshwa majani, basi. Lakini ilimiminwa. Upande wa bahari ulichungulia mdomo wa bunduki, na upande wa njia ukatoka mkono wa nyanya na kikombe. Hivyo ndivyo kilivyoanza Kibanda, na ndivyo kilivyokwenda miaka yote ya vita. Wajerumani, kama mnavyojua, hawakuja.

Enid alisoma Shule ya Cawsby kuanzia mwaka 1936 hadi 1945. Hesabu alizipenda, kushona alikuchukia, na kuhusu nidhamu mwalimu wake Bi Blades alikuwa na mengi ya kuwaambia wazazi. Siku moja wakati wa vita Bi Blades aliwauliza watoto darasani watafanya nini siku Wajerumani watakaposhuka ufukweni. Mmoja akasema atakimbilia kwa bibi yake, mwingine akasema atawarushia mawe. Ilipofika zamu ya Enid, akasimama akasema, "Watapanga foleni kama watu wengine." Darasa lilicheka mpaka mwalimu mkuu akaja kuona kuna nini. Enid hakucheka, maana hakuwa akitania.

Vita vilipokwisha jeshi likaondoka na bunduki yake, likaacha zege, paka na nyanya Ivy na birika. Mwaka 1951 miguu ya nyanya ikamshinda, na Enid, wakati huo ana miaka ishirini, akaingia Kibandani mahali pake. Alikaa nyuma ya tundu lile hadi mwaka jana. Kazi yake ilikuwa chai, mkate wa zabibu kavu wenye siagi na kipande cha jibini, na kuchukua habari za watu. Alifungua saa tatu asubuhi, akafunga jua likizama, na majira ya baridi alivaa makoti mawili na kofia ya marehemu baba yake, tukawa hatuoni kitu kutoka njiani ila pua na birika.

Wapo wanaodhani alikuwa akiuza chai tu. Wapi! Enid alikuwa akihesabu vichwa. Wazee wengi wa barabara ya pwani wanaishi peke yao, na kwa baadhi yao safari ya Kibandani ndiyo pekee iliyowatoa nje. Mtu asipoonekana kwenye foleni bila kuaga, Enid aliliacha birika, akaenda kumgongea mlango. Ndivyo alivyompata Bwana Arthur Moody kalala sakafuni jikoni kwake na nyonga imevunjika, hawezi hata kuita. Bwana Moody yuko hapa leo, kaja na fimbo yake, na hamna haja ya kugeuka wote kumtazama kwa sababu hapendi. Alipomshukuru, Enid alimwambia, "Sikuja kukuokoa, nilikuja kuuliza kwa nini umekosa zamu yako."

Kuhusu zamu, hakuwa na simile. Mbunge mmoja, simtaji, alikuja wakati wa kampeni na wapiga picha wake, akataka kupitishwa mbele kwa kuwa ana haraka. Enid alimwambia kura anayo moja kama sisi na zamu anayo moja kama sisi, aende nyuma ya yule mama mwenye mbwa. Akaenda. Katika maisha yake yote dirishani, hakuna mtu aliyewahi kuiruka foleni ya Enid Leggate akafanikiwa.

Usiku wa tarehe 31 Januari 1953 bahari ilivunja kingo na kuingia mjini, na wakubwa mnajua tulichopoteza. Nyumba za mbao za barabara ya pwani zilikwenda zote. Kulipokucha Kibanda kilikuwa kimesimama, kimezungukwa na matope, rangi yote imeoshwa na paka hayupo. Enid akatembea kwenye maji yaliyomfika mapajani, birika kalibeba kichwani, akafungua. Waokoaji walikunywa wakiwa wima, wengine wakilia ndani ya vikombe, naye akawaambia walie taratibu, chai isiingie chumvi. Majira ya machipuko babu alimchora tena yule paka mahali palepale. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia wakati huo, na ndiyo maana paka wa sasa ana sikio moja kubwa.

Sasa nafika kwenye ndoa, na nyinyi mliosikia sharti la pili mnivumilie.

Cyril Leggate alikuwa na punda wa kubebea watoto ufukweni, mtu mrefu, mpole, mwenye haya kuliko punda wake. Alikuwa akija Kibandani kila siku. Mchana mmoja wa Juni mwaka 1954 alipanga foleni, akafika dirishani, akafungua mdomo, akasema, "Chai moja tafadhali." Akainywa, akarudi nyuma ya foleni. Akafika tena, akawa mwekundu, akaomba chai nyingine. Hivyo hivyo mpaka watu wakaanza kuwekeana dau. Alipofika tena, Enid akaegemea kwenye tundu.

"Cyril," akamwambia, "umekunywa birika zima. Ama unalo la kusema, ama unahitaji choo."

"Vyote viwili," akasema Cyril.

"Anza na lile fupi."

"Utaolewa na mimi?"

"Nitaolewa. Choo kiko nyuma ya banda la mashua. Nani anafuata?"

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Septemba 1954 katika kanisa hili hili la Mtakatifu Helena. Hawakujaliwa mtoto, na hilo liliwauma, sitaki kusema halikuwauma kwa sababu tu leo ni msiba. Walilea punda, na mama yangu alipofariki mimi nikiwa mdogo wakanilea na mimi, kwa kanuni zile zile. Cyril alifariki tarehe 3 Oktoba 1994. Enid alifunga Kibanda siku ya mazishi, siku moja tu, akaweka kikombe cha Cyril kwenye rafu ya zege. Kiko pale hadi leo na hakuna aliyeruhusiwa kukitumia.

Mwaka 1998 walikuja wataalamu wa majengo ya kale, wakapima, wakapiga picha, wakasema ngome iliyofanywa mgahawa ni kitu adimu, na Kibanda kikaingizwa kwenye majengo yanayolindwa na sheria. Likabandikwa bamba la shaba ukutani. Enid alivaa kofia yake ya harusi siku hiyo na kuwagawia wote mkate. Alidhani wamekuja kumlinda pamoja na birika lake, na kwa miaka karibu ishirini ndivyo ilivyokuwa.

Halafu mwaka 2017 akaja Bwana Tranter, mgeni ofisini, kijana nadhifu, na sisemi ana roho mbaya. Alisimama njiani akitazama mvuke unaotoka kwenye tundu la bunduki, akashika kichwa.

"Bibi Leggate, hili ni jengo la hifadhi," akasema. "Halitakiwi kuchemshiwa maji. Mvuke unaharibu zege. Itabidi tuweke nondo kwenye tundu na tuuchomelee mlango, lisiguswe tena."

"Linahifadhiwa dhidi ya nani?" Enid akamuuliza.

"Dhidi ya uharibifu, bibi."

"Lilijengwa lizuie Wajerumani, hawakuja. Bahari imekuja, ikashindwa. Sasa umekuja wewe."

"Mimi niko upande wake!"

"Basi panga foleni."

Bwana Tranter akacheka, akidhani mzee anatania. Aliendelea kueleza kwa upole kwamba jengo likifungwa litadumu vizazi na vizazi, watu watakuja kulitazama. Enid akamsikiliza mpaka mwisho huku anapangusa kikombe. Kisha akasema maneno ambayo aliniagiza niyasome leo kama yalivyo, nami nayasoma: "Mwanangu, kinachohifadhiwa kwa kufungiwa ni maiti. Mimi na Kibanda bado."

Alijaribu njia zote za adabu. Tuliandika, tukasaini, tukaenda mikutanoni, tukajibiwa kwa heshima na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Nilimwambia, "Shangazi, pumzika sasa, umefanya kazi ya kutosha." Alinitazama kwa jicho ambalo sikulipenda. "Hilary, wakiziba hapa, Arthur Moody akianguka tena nani atajua?"

Mei mwaka jana mafundi wakaja asubuhi na gari lao, nondo na mashine ya kutobolea. Walimkuta Enid amekwisha fungua, na foleni imefika kwenye banda la mashua. Fundi mkubwa, Darren, mtoto wa watu wa vijiji vya jirani, akabeba mashine yake akaelekea dirishani.

"Samahani, wazee wangu, naomba kupita."

"Kwenda wapi?" akauliza Bwana Moody.

"Dirishani pale."

"Sisi sote tunakwenda dirishani. Foleni inaanzia kule nyuma, kaka."

"Mzee, mimi sitaki chai. Mimi nimetumwa kuziba."

"Ukitaka chai, ukitaka kuziba, ukitaka kubatizwa, nyuma ni kule."

Watu hawakumzuia kwa mikono, wala hakuna aliyepaza sauti. Walikohoa tu. Anayetujua anajua kikohozi kile cha kumwambia mtu amekosa adabu. Darren akasimama, masikio yakamwiva, akatazama mashine yake, akatazama watu, kisha akageuka akaenda nyuma kabisa, wenzake wakamfuata. Aliyekwisha hudumiwa alikunywa, akarudi mkiani, lakini kwa adabu zetu mafundi nao walisogea kwa haki kila zamu ilipowafikia. Darren alipofika mbele, Enid alimtazama usoni.

"Wewe ni mtoto wa Jean wa Thorpe."

"Ndiyo, bibi."

"Mamako alikuwa akija hapa ukiwa tumboni. Sukari?"

Darren akaomba mbili. Akapewa chai na kipande cha mkate, akasogea pembeni ili asimcheleweshe aliye nyuma yake, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, na mara akajikuta yuko nje ya foleni hajatoboa kitu. Ikabidi arudi nyuma. Mpaka jioni mafundi wale walikuwa wamekunywa chai ya kutosha kuoshea gari. Kesho yake wakaja, ikawa hivyo hivyo.

Siku ya tatu akaja Bwana Tranter mwenyewe, hati mkononi, na nasikitika kusema alijaribu kuruka foleni. Aliingilia ubavuni. Bi Sargisson, binti wa yule wa kwanza, akamgusa begani kwa kidole kimoja tu, akamuuliza mamake alimlelea wapi. Maskini ya Mungu, akanywea, akaenda nyuma. Alisimama kwenye upepo na kiatu chake chembamba mpaka zamu yake ikafika.

"Bibi Leggate," akasema, "nimekuja kulifunga dirisha hili kwa mujibu wa sheria."

"Haya, mwanangu. Lifunge," akasema Enid. "Lakini hao walio nyuma yako wanangoja. Geuka uwaambie wewe."

Bwana Tranter akageuka. Walikuwa wamesimama kimya, vikapu mikononi, mbwa miguuni, wengine na fimbo, wote wanamtazama yeye mmoja bila chuki yoyote, kama watu wanaomtazama mtu anayechelewesha foleni. Nilikuwepo. Akageukia dirisha tena.

"Sukari moja," akasema.

Bwana Tranter, sikusimulii hili nikuaibishe. Shangazi alikupenda tangu siku ile. Alisema una malezi, ila hujui pa kuyatumia.

Baraza likaahirisha mpaka itakapotangazwa tena. Oktoba Enid akaanza kuchoka, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi. Daktari alisema ni moyo. Alikataa kulazwa mpaka siku alipoanguka Kibandani tarehe 9 Desemba, akimmiminia chai mtu aliyekuwa mbele, na mara ya kwanza maishani foleni ilivunjika, kwa sababu wote walikimbia kumwinua. Alivyofumbua macho akawagombeza kwa kuvunja mstari. Tulimtunza nyumbani kwake, kitanda kikiwa dirishani ili aone njia. Kila jioni aliniuliza nani kaonekana na nani hakuonekana, na mimi, niliyekuwa nikija kutoka Lincoln baada ya kazi, nikajifunza kuangalia.

Siku chache kabla ya mwisho alinipa ufunguo. Nilimwambia, "Shangazi, mimi nina kazi yangu mjini." Halafu akasema, "Watakuja siku ya kunizika. Hapo wanajua hamtakuwepo." Nikamwambia asiwaze hivyo, hawawezi kufanya jambo kama hilo. "Hawatalifanya kwa ubaya," akasema. "Watasema siku hiyo ndiyo haitamsumbua mtu." Alifariki Jumanne tarehe 5 Februari 2019, asubuhi, muda wake wa kufungua. Alikuwa na umri wa miaka themanini na saba.

Jumatatu wiki hii ilikuja taarifa ya baraza. Mafundi watafika Kibandani leo Jumatano, tarehe 20 Februari, saa nane mchana, kwa kuwa, nanukuu, "siku hiyo haitarajiwi kuwa na usumbufu kwa wananchi." Nilisoma nikacheka peke yangu jikoni, halafu nikalia, halafu nikapandwa na hasira ambayo haijashuka. Nilipiga simu kuomba wasubiri hata kesho. Niliambiwa tarehe zimekwisha pangwa.

Kwa hiyo nisikilizeni. Kwenye ratiba mliyonayo mkononi imeandikwa kwamba tukitoka kanisani tunakwenda makaburini. Ni kweli, lakini si moja kwa moja. Kasisi amekubali, wabebaji wamekubali, na Gladys, punda wa mwisho wa Cyril, ndiye atakayevuta kigari cha jeneza, polepole, kwa kuwa naye ni mzee. Tunapita Kibandani. Mimi nitatangulia na ufunguo. Nyinyi mtapanga foleni kama kawaida, kuanzia dirishani, na hakuna kusukumana. Shangazi atakuwa mtu wa mwisho. Hakuwahi kuruka foleni maishani mwake na hataanza leo.

Darren, najua utasikia haya kwa mamako kabla ya kuja. Utatukuta pale. Hakuna atakayekugusa wala kukufokea. Mashine yako unaruhusiwa kuja nayo. Ukitaka kufika dirishani, foleni inaanzia nyuma, na nyuma yupo Enid Leggate kwenye jeneza la msonobari. Utasimama nyuma yake, kofia mkononi. Na wewe, Bwana Tranter, ukitaka kumpita, mpite, sisi tutakohoa.

Zamu yake ikifika nitammiminia, bila sukari, kwenye kikombe cha Cyril. Kisha ndipo tutampeleka kwa mumewe. Na kesho saa tatu asubuhi, yeyote atakayefika na nondo atakuta birika linachemka na watu wamesimama, kwa sababu kazi ya Lincoln nimeiacha tangu Ijumaa.

Marehemu ameacha mdogo wake Desmond Odling, mimi mtoto wa mdogo wake, punda Gladys, paka mwenye sikio moja kubwa, na wote walio kwenye foleni, ambao majina yao alikuwa akiyajua na mimi naendelea kujifunza. Bwana Moody, jana sikukuona. Leo utaniambia ulikuwa wapi.

Pumzika kwa amani, Shangazi. Zamu ni yangu.